Nafuu ya Farasi: Desturi ya Kale Iliyofufuliwa na Mashine

Mwaka 2008 Vadim Milov, grandmasta wa Uswisi ambaye wakati huo alikuwa wa 28 duniani, alicheza michezo minane ya sataranji na programu ya kompyuta iitwayo Rybka. Miwili ilianza sawa kwa sawa, Milov akishika kete nyeupe. Programu ikachukua alama moja na nusu, yeye akabaki na nusu. Katika mingine miwili Rybka ilianza na upungufu wa askari mmoja, na hapo Milov ndiye aliyepata moja na nusu. Minne iliyosalia Milov alishika kete nyeusi, ila mashine ilianza bila ngome moja naye akaanza bila farasi mmoja. Akapata mbili na nusu, mashine moja na nusu. Ukijumlisha yote ni 4.5 kwa 3.5, ushindi mwembamba wa binadamu. Wapenzi wengi wa mchezo huu hawalikumbuki pambano hilo. Wanachokumbuka ni New York, Mei 1997, Deep Blue ya kampuni ya IBM ilipomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa 3.5 dhidi ya 2.5. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba pambano la Milov na yale ya aina yake yanatufundisha mengi kuliko lile la Kasparov, na kwamba ili kuona kwa nini, lazima turudi kwenye desturi kongwe ambayo wachezaji wa karne iliyopita waliiacha wakidhani hawataihitaji tena: desturi ya mwenye nguvu kumpa mpinzani wake nafuu kabla mchezo haujaanza.

Desturi hiyo ni ya zamani sana. Baghdad ya karne ya 9 na ya 10, chini ya makhalifa wa Bani Abbas, ilikuwa na mabingwa wa sataranji walioandika vitabu na kucheza mbele ya watawala. Al-Adli aliheshimiwa katika baraza la khalifa al-Mutawakkil hadi ar-Razi alipomshinda humo humo. Baadaye, zama za al-Muktafi, as-Suli akamshinda al-Mawardi aliyekuwa kipenzi cha khalifa. Mabingwa hao waliwagawa wachezaji katika madaraja matano, na lililotenganisha daraja moja na jingine lilikuwa nafuu. Aliyekuwa chini kidogo aliachiwa askari. Aliyekuwa chini zaidi aliachiwa kete kubwa zaidi, hata kufikia ngome. Jambo la kuangalia ni hili: watu hao hawakuwa na jedwali la alama wala hesabu za uwezekano. Walipotaka kusema kwamba fulani ni hodari kuliko fulani, na ni hodari kwa kiasi gani, walitaja kete. Nafuu ndiyo iliyokuwa kipimo chao. Na kilikuwa kipimo kinachojirekebisha, maana mtu akianza kushinda mfululizo na kete ya ziada, nafuu yake hupunguzwa, na daraja lake hupanda pasipo mtu kubishana.

Ulaya iliurithi mchezo pamoja na desturi yake. Katika mkahawa wa Café de la Régence mjini Paris, Philidor, ambaye kitabu chake cha 1749 kilisomwa kwa zaidi ya karne, aliwapa nafuu karibu watu wote aliocheza nao. Baada yake akaja Deschapelles, mwanajeshi aliyepoteza mkono mmoja vitani, ambaye kwa kawaida alikataa kucheza sawa. Wapinzani wake wengi walipaswa kupokea askari mmoja na hatua mbili. London, katika ukumbi wa Simpson's, wataalamu walicheza na wateja kwa dau la shilingi moja kwa mchezo, na bila nafuu hakuna mteja ambaye angerudi siku ya pili. Ngazi zilijulikana na kila mtu. Ya chini kabisa ilikuwa askari na hatua: mtoaji hushika kete nyeusi na kumwondoa askari wa f7, mahali panapolindwa na mfalme peke yake, hivyo hasara yake ni kubwa kuliko hesabu ya askari mmoja. Kisha askari na hatua mbili, kisha farasi, kisha ngome, kisha malkia. Mtu alitajwa kwa ngazi yake, kwamba huyu ni wa farasi na yule ni wa ngome, na wasikilizaji wakaelewa. Howard Staunton alipochapisha kitabu chake cha 1849, alitenga sehemu nzima ya mafunzo kwa michezo ya nafuu peke yake. Na Paul Morphy aliporudi Marekani mwaka 1859 baada ya kuwashinda mabingwa wa Ulaya, alitangaza kwamba tangu hapo angempa mpinzani yeyote duniani askari na hatua. Hakujitokeza mtu.

Msomaji anaweza kusema kwamba desturi hii ilikuwa ngao ya kiburi. Deschapelles akishinda, ameshinda ingawa alikuwa na upungufu. Akishindwa, upungufu ndio uliomwangusha. Hoja hiyo ina ukweli, na ilisemwa tangu enzi zake. Lakini inamgusa mtu anayekataa kucheza sawa hata na wenzake wa daraja lake. Haigusi desturi yenyewe. Morphy alikwisha kucheza sawa na kila aliyekubali kukaa mbele yake kabla ya kutoa tangazo lile. Zaidi ya hapo, ukitazama jinsi Morphy alivyocheza akiwa hana farasi wa b1, utaona maarifa ambayo hayaonekani katika michezo yake ya sawa kwa sawa. Aliepuka kubadilishana kete, kwa kuwa kila kete inayotoka ubaoni humfanya farasi wa ziada wa mpinzani awe mzito zaidi. Alifungua njia kabla hajakamilisha maandalizi, alichagua hatua zenye maswali magumu kuliko hatua zenye usahihi, na alihesabu mambo mawili kwa pamoja, hali ya ubao na hali ya mtu aliyekaa mbele yake. Mtoaji wa nafuu anajua kwamba kwa hesabu ya haki amekwisha kushindwa. Kinachobaki ni kumpa mwenzake nafasi nyingi za kukosea, na hilo haliwezekani bila kujua mwenzake hukosea wapi.

Kwa nini basi desturi ilikufa? Mashindano ya kimataifa, yaliyoanza London mwaka 1851, yalimtaka kila mmoja aanze sawa na mwenzake. Klabu ziliendelea kwa miongo kadhaa na mashindano ya madaraja yenye nafuu, lakini kadiri wachezaji walivyozidi kujifunza ulinzi, farasi wa bure alizidi kuwa hukumu ya kifo kwa anayemtoa. Dau la shilingi nalo likapoteza heshima. Pigo la mwisho lilitoka kwa mwalimu wa fizikia wa Milwaukee, Arpad Elo, aliyebuni njia ya kumpa kila mchezaji namba kutokana na matokeo yake. Shirikisho la Marekani liliipokea mwaka 1960 na FIDE, shirikisho la dunia, mwaka 1970. Namba hiyo inatabiri. Tofauti ya 400 ina maana kwamba mwenye nguvu anatarajiwa kupata takriban alama 10 kati ya 11. Hapakuwa tena na haja ya kumwambia mtu kwamba yeye ni wa farasi, ikiwa angeweza kuambiwa kwamba yeye ni wa 1600. Nafuu ikabaki tafrija. Hata Kasparov, alipompa mchezaji wa ridhaa wa Uingereza askari wawili katika kila mchezo mjini London mwaka 2001 na kushinda 2.5 kwa 1.5, wengi walilichukulia pambano hilo kama burudani tu.

Hapa ndipo inapofaa kutazama mchezo mwingine ambao haukuiacha desturi hiyo. Katika mchezo wa Go, unaochezwa China, Japani na Korea, mwenye nguvu humruhusu mwenzake kutanguliza mawe mawili, matatu, hata tisa ubaoni. Japani ya zama za Edo ilijenga mfumo wake wote wa madaraja juu ya jambo hilo, na mfumo huo uko hai hadi leo. Hakuna anayeona aibu kupokea mawe. Kwa hiyo kompyuta zilipoanza kujifunza Go, safari yao iliandikwa kwa mawe. Mwaka 2008 programu ya MoGo ilimshinda mchezaji wa kulipwa Kim Myungwan huko Portland ikiwa imepewa mawe tisa. Mwaka 2012 Zen ilimshinda bingwa Takemiya Masaki kwa mawe matano, kisha kwa manne. Mwaka 2013 Crazy Stone ikamshinda Ishida Yoshio kwa manne. Machi 2016, mjini Seoul, AlphaGo ilicheza sawa kwa sawa na Lee Sedol na kushinda 4 kwa 1. Baada ya hapo mawe yakahamia upande wa pili. Januari 2018 programu ya FineArt ilimpa Ke Jie, bingwa wa China, mawe mawili na bado ikamshinda. Desemba 2019 Lee Sedol aliaga mchezo kwa pambano na programu ya Kikorea HanDol: alishinda mchezo wa kwanza akiwa na nafuu ya mawe mawili, akashindwa wa pili uliochezwa sawa, akashindwa na wa tatu ingawa alikuwa tena na mawe mawili. Mtu asiyejua hata sheria za Go anaweza kuisoma historia hiyo na kuelewa mashine ilikuwa wapi mwaka gani. Ilipanda ikipokea, ikafika usawa, ikaanza kutoa. Kipimo kilikuwa kimoja mwanzo hadi mwisho, na kilishikwa na mikono ya binadamu.

Sataranji haikuwa na kipimo cha namna hiyo wakati ilipokihitaji. Tangu 1997 mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2005 mashine ya Hydra, iliyogharamiwa kutoka Abu Dhabi, ilimpiga Michael Adams, mmoja wa wachezaji bora wa Uingereza, kwa 5.5 dhidi ya 0.5. Mwishoni mwa 2006 bingwa wa dunia Vladimir Kramnik alicheza michezo sita na Deep Fritz mjini Bonn. Sare nne, ameshindwa miwili. Mwaka 2009 simu ya mkononi yenye programu ya Pocket Fritz 4 ilishinda mashindano mjini Buenos Aires kwa alama 9.5 kati ya 10. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuandaa pambano la sawa kwa sawa, kwa kuwa mwisho wake ulijulikana. Na mapambano yalipokoma, namba ya Elo ilikatika mguu. Leo orodha za programu zinazipa zilizo bora zaidi ya 3500, ilhali kilele cha Magnus Carlsen, ambacho hakuna binadamu mwingine aliyekifikia, kilikuwa 2882 mwaka 2014. Lakini ile 3500 imetokana na programu kucheza na programu. Hazikutani na watu, kwa hiyo namba zao haziwezi kulinganishwa kwa uhakika na namba za watu. Ni sawa na kupima vitambaa viwili kwa pima za watu wawili ambao mikono yao haijawahi kulinganishwa. Kanuni ya Elo ingetuambia kwamba kwa pengo la alama 700 binadamu angeambulia chini ya alama mbili katika michezo mia. Hata tukiikubali hesabu hiyo, michezo mia ambayo karibu yote inaishia upande mmoja haifundishi lolote kuhusu upana wa pengo. Kipimo hufanya kazi pale tu matokeo yanapoweza kwenda huku na huku.

Aliyeliona hilo mapema ni Larry Kaufman, Mmarekani ambaye maisha yake yamefungamana na historia hii kuliko ya mtu mwingine ninayeweza kumtaja. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi pale MIT, alisaidia kuandaa hatua za ufunguzi za Mac Hack, programu ya kwanza kushiriki mashindano ya sataranji ya binadamu. Mwaka 1999 alichapisha uchunguzi wa thamani ya kete uliotokana na hifadhi kubwa ya michezo ya wachezaji hodari: farasi au askofu ni sawa na askari watatu na robo, maaskofu wawili kwa pamoja wana ziada ya nusu askari. Kisha akafanya kazi na waundaji wa Rybka, na baadaye wa Komodo, na programu hizo mbili ndizo zilizorudisha nafuu ubaoni. Machi 2007 Rybka ilicheza michezo minane na grandmasta wa Estonia, Jaan Ehlvest, ikianza kila mchezo na upungufu wa askari, na kila mara askari tofauti, ikashinda 5.5 kwa 2.5. Mwaka uliofuata likaja pambano la Milov. Januari 2016 Komodo ilimpa nafuu Hikaru Nakamura, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji kumi bora duniani. Michezo mitatu ya kwanza, yenye nafuu za askari na ya ngome kwa farasi, iliisha sare. Wa nne, ambamo Nakamura alipewa hatua nne za mwanzo bure, akashindwa. Matokeo yakawa 2.5 kwa 1.5. Ukiyaweka mapambano haya pamoja unapata kitu ambacho Deep Blue haikutupa: kauli yenye kipimo. Mwaka 2007 askari mmoja hakumtosha grandmasta mzuri. Mwaka 2008 askari mmoja, au tofauti ya ngome na farasi, ilimtosha mtu wa daraja la thelathini bora. Miaka minane baadaye nafuu za kadiri hiyo zilimpa mmoja wa kumi bora sare tu, wala hazikumpa ushindi hata mmoja.

Hata hivyo hadithi haiishii kwenye mashine kuongezeka nguvu tu, na hapa nakuja kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini. Aprili 2020 David Smerdon, grandmasta wa Australia ambaye hakuwa karibu na kumi bora wala mia bora, alicheza michezo sita na Komodo akiwa na nafuu ya farasi. Alishinda 5 kwa 1. Komodo ya 2020 ilikuwa na nguvu kuliko ile iliyomshinda Nakamura, lakini mbele ya upungufu wa farasi ilianguka vibaya. Sehemu ya sababu ni ukubwa wa nafuu yenyewe. Sehemu nyingine ni namna programu inavyofikiri. Injini ya kawaida, yaani programu ya kucheza sataranji, huchagua hatua kwa kudhani kwamba mpinzani atajibu kwa hatua iliyo bora kuliko zote. Dhana hiyo ni salama mnapoanza sawa. Lakini ukianza bila farasi, dhana hiyo inakuambia kwamba kila njia inaelekea kushindwa, na kazi inayobaki ni kuchagua inayochelewa. Injini inaweza kukubali kubadilishana malkia kwa sababu hesabu yake inaonyesha tofauti ndogo mno ya faida, huku binadamu wa upande wa pili akishusha pumzi, kwa kuwa hicho ndicho alichokuwa akikiomba. Mkamilifu anayedhani kwamba mwenzake naye ni mkamilifu ni mtoaji mbaya wa nafuu. Morphy asingebadilisha malkia yule.

Waundaji walilijua tatizo hilo, na kwa miaka mingi waliweka ndani ya programu kiwango cha dharau, namba inayoiamuru injini imwone mpinzani kuwa dhaifu kuliko yenyewe na hivyo ikwepe sare na kubadilishana kete. Kilikuwa kiraka. Mabadiliko makubwa yalitoka kwa Leela Chess Zero, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2018 kwa kufuata njia ya AlphaZero, ambamo programu hujifunza kwa kucheza na nafsi yake. Leela haihesabu askari. Inakadiria uwezekano wa kushinda, kutoka sare na kushindwa. Ikiwa pungufu ya farasi, mwanzoni nayo haikufaa, maana michezo iliyojifunzia haikuwa na hali kama hiyo: makadirio yote yalikuwa karibu na sifuri, na mtu asiyeona tofauti kati ya sifuri na sifuri hawezi kuchagua. Mwaka 2023 waundaji waliiwekea njia ya kukadiria upya uwezekano huo kwa kuzingatia nguvu ya mpinzani, kisha wakafunza mitandao maalumu kwa ajili ya michezo ya nafuu ya farasi, na baadaye hata ya malkia. Matokeo yake ni programu inayocheza bila farasi kwenye tovuti ya Lichess, na grandmasta waliokwenda kuijaribu katika michezo ya dakika chache wamejikuta wakishindwa mara kwa mara. Haishindi kwa kuwa ina mahesabu zaidi ya Komodo ya Smerdon. Inashinda kwa kuwa imejifunza kumcheza binadamu: kuacha kete nyingi ubaoni, kuweka mvutano bila kuutatua, kuchagua hatua ambayo jibu lake sahihi ni moja tu na limejificha. Maarifa yale yale ambayo Café de la Régence iliyafahamu, na ambayo vitabu vya karne ya 20 viliyaita ya kizamani.

Pingamizi la kwanza la wachezaji makini ni kwamba huo si mchezo halisi wa sataranji, kwa kuwa ubao umeanza ukiwa na kasoro na nadharia yote ya ufunguzi imetupwa. Sikubaliani nalo. Sheria ni zile zile, mwendo wa kila kete ni ule ule. Kama mpangilio wa mwanzo ndio unaofanya sataranji iwe halisi, basi FIDE isingekuwa na haki ya kuandaa mwaka 2019 ubingwa wa dunia wa mchezo wa Fischer, ambamo kete za nyuma hupangwa kwa kura. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: ushindi wa Leela ni wa saa fupi, na grandmasta mwenye farasi wa ziada na saa mbili za kufikiri angeshinda kwa urahisi. Hilo ni kweli, na halibomoi hoja yangu. Muda wenyewe ni nafuu. Anayesema kwamba Leela inampa grandmasta farasi katika dakika tatu lakini haiwezi katika dakika 90 ametoa kauli ya kipimo iliyo sahihi kuliko namba yoyote ya Elo, na ameweza kuitoa kwa sababu desturi ya nafuu ipo. Wapo pia wanaosema kwamba programu inayotega mitego imeacha kutafuta ukweli wa ubao. Lakini ukweli wa ubao ulikwisha kuamuliwa farasi alipotolewa. Kinachotafutwa baada ya hapo ni ukweli wa wachezaji wawili, na huo nao ni elimu.

Siwezi kukubali wazo kwamba mapambano haya yanamdhalilisha binadamu. Udhalili ulikuwa katika miaka ile kati ya Bonn na leo, mtu alipokaa mbele ya injini akijua hana la kufanya ila kungoja kushindwa. Nafuu imemrudishia nafasi ya kucheza kwa nia ya kushinda, na imemrudishia hofu ya kushindwa akiwa na farasi mzima wa ziada, ambayo humfundisha mtu mengi kuhusu alivyo. Tena imeonyesha kwamba nguvu ya mchezaji haina namba moja inayofaa kila mahali. Komodo iliyomshinda Nakamura kwa hatua nne za bure na Komodo iliyopigwa na Smerdon kwa farasi ni jamaa wa ukoo mmoja. Kilichobadilika ni kazi iliyopewa. Mabingwa wa Baghdad walipopanga madaraja kwa kete walikuwa wakipima uhusiano wa watu wawili, na ndivyo nguvu inavyopaswa kupimwa.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa klabu zetu, kuanzia Mombasa hadi Kampala na Dar es Salaam, wasiwaone wanafunzi wanaopokea nafuu kuwa wameaibishwa. Mtoto wa 1000 anayecheza sawa na injini kwenye simu hajifunzi kitu. Mpeni malkia wa ziada, mwambieni abadilishane kete kila anapoweza na asiharakishe, andikeni matokeo ya michezo kumi. Akishinda sita, mwondoleeni malkia mmpe ngome, kisha farasi. Programu kama Leela ni za bure, na daftari moja linatosha kuweka kumbukumbu za darasa zima.